Mtutu mwembamba ndani ya kitako kipana: dalili, chanzo na dawa

Mtutu mzito wa shabaha wa bunduki ya .22 (inchi 0.22, upana wa risasi yake) una unene wa milimita 22 au 23 tangu kwenye mtambo, kile chuma cha nyuma kinachobeba bolti, hadi mdomoni. Ule mwembamba wa kawaida huanza mnene kidogo nyuma, kisha hupungua hadi milimita 15 au 16 mbele. Ukiulaza huu wa pili kwenye mfereji wa kitako uliochongewa ule wa kwanza, mbele kunabaki uwazi wa milimita nne au tano kila upande, na mwenye bunduki akitupa jicho tu anasema, "Fundi, nijazie hapa."

Usijaze kwanza. Uwazi unaudhi macho, lakini risasi haiujui. Kinachopeleka risasi pembeni mara nyingi ni jinsi mtambo ulivyokaa ndani ya mti, na hilo halionekani kwa juu. Anayejaza mfereji kabla ya kukagua mtambo ulipolala hupata kitako cha kupendeza na bunduki ileile isiyopiga, tena sasa ugonjwa umefunikwa gundi.

Humu nikisema kitako nakusudia mti wote, tangu tako linalokaa begani hadi ncha iliyo chini ya mtutu. Mkono wa mbele ni ile sehemu ya kushikia kwa mkono wa kushoto. Kitanda ni lile shimo ambamo mtambo umelala.

Na la sheria lisirukwe. Kwa Kenya kila bunduki ya raia ina cheti chake, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka anayetengeneza silaha kwa biashara awe amesajiliwa. Kwa hiyo bunduki haiachwi kwa seremala wa mtaani, awe wa Shela au wa Majengo, kama mlango unaosubiri komeo. Mimi ni seremala. Kazi hii naifanya hapa Malindi ndani ya karakana ya fundi wa silaha mwenye usajili, naye akiwapo. Chuma ni chake, mbao ni zangu. Kung'oa mtutu na kuweka mwingine ni kazi yake pia, sitaieleza.

Zinazoletwa zaidi ni zile ambazo mtutu wake hutoka kwa urahisi. Ruger 10/22, iliyoingia sokoni mwaka 1964, mtutu wake umeshikwa na skrubu mbili na kipande cha chuma chenye umbo la V. CZ 455 nayo ina skrubu mbili ndogo. Chuma hubadilika kabla ya chai kupoa, mti haubadiliki, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Kabla ya kushika patasi

Toa magazini, fungua bolti (kile chuma kinachosukuma risasi chumbani) au uitoe, tazama chumba cha risasi kwa macho kisha tia kidole. Hata kama uliyekabidhiwa naye ni mtu mzima na amekuapia.

Halafu ondoa washukiwa wa bei rahisi. Kaza vishikizo vya darubini. Angalia mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia: ukiona mkwaruzo au meno ukingoni, kitako hakina kosa. Mtutu uliosafishwa sasa hivi usihukumiwe, kwa sababu risasi za .22 zina nta au grisi, na mtutu hautulii mpaka upate tena utando wa nta hiyo. Na jaribu risasi za aina mbili tatu. Mtutu mpya haurithi chakula cha mtutu wa zamani, na kuna watu wamechonga mbao wiki nzima kumbe dawa ilikuwa paketi nyingine ya risasi.

Hayo yote yakiwa sawa, rudi kwenye mti.

Matundu yametawanyika kote, hayana mpangilio

Dalili hii ndiyo ya kukaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa uwazi wa mfereji kuliko zote. Karatasi ya shabaha ina matundu juu, chini, kushoto, na hakuna mstari wowote unaoweza kuufuata. Mara nyingi mtambo unacheza kitandani. Mtutu mzito ulikuwa ukiuficha mchezo huo kwa uzito wake. Mwembamba hauna uzito wa kuficha kitu.

Jaribio lake ni hili. Simamisha bunduki tupu wima, tako likiwa chini kwenye kipande cha zulia. Zungushia mkono wa kushoto pale mti unapoishia mbele, kidole gumba kikae nusu juu ya mti na nusu juu ya mtutu, ukisikilize kile kiungo. Kwa mkono wa kulia legeza skrubu ya mbele polepole, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Mtambo uliokaa vizuri hautasema kitu, au utasogea kiasi ambacho ngozi haiwezi kuapa. Mtambo uliokaa vibaya utausikia mtutu ukiinuka au ukishuka chini ya kidole, mara nyingine kwa mruko mdogo. Kaza tena, urudie. Mwenye saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha sehemu ndogo za milimita, aifunge kwenye mtutu na ncha yake iguse mti: zaidi ya milimita 0.05 maana yake skrubu zinakunja chuma kila unapozikaza.

Chanzo kiko kitandani. Huenda chini kuna uvimbe wa mbao katikati na mtambo unayumba juu yake. Huenda mti umebonyea kuzunguka tundu la skrubu. Huenda kitako kilichongwa kiwandani kwa haraka tangu mwanzo, nayo si ajabu.

Uvimbe utafutwe kwa masizi. Washa koroboi, pitisha chini ya mtambo moshi wake uushike chuma kwa utando mwembamba mweusi, laza mtambo kwenye mti bila kukaza, gonga kidogo kwa ngumi, inua. Penye weusi ndipo panapogusa. Ukiona alama mbili, moja mbele na moja nyuma, zimekaa sawasawa, shukuru. Ukiona moja tu katikati, hiyo ndiyo adui. Kwangua hapo peke yake kwa patasi kali iliyoshikwa wima, usichonge, rudia masizi. Kazi hii haina haraka, na anayeiharakisha hujikuta amechimba bwawa.

Mti uliobonyea hauponi kwa kukwangua. Dalili yake ya pembeni ni skrubu zinazotaka kukazwa kila zinapoguswa. Hapo panatakiwa nguzo: bomba fupi la alumini linalozunguka kila skrubu, kichwa chake kiguse mtambo na mguu wake uguse chuma cha chini, ili skrubu ikaze chuma juu ya chuma na mti upumzike. Toboa tundu pana kuliko bomba kwa milimita moja au mbili, lijazwe epoksi. Baada ya hapo kaza kwa kipimo cha kijitabu cha bunduki. Kama hakipo, kwa bunduki nyingi ndogo za .22, Nm 2 hadi 3 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) ni pa kuanzia. Mkono wa fundi wa baiskeli hupita hapo bila kujua.

Ruger 10/22 ina shida yake peke yake. Mtambo wake hushikwa na kitako kwa skrubu moja tu. Ile yenye mtutu mwembamba ya kiwandani huwa na pete ya mbele inayofunga mtutu na mti pamoja. Kitako kilichotengenezewa mtutu mzito hakina pete hiyo, kwa hiyo ukiweka mwembamba humo, kila kitu kinaning'inia kwenye skrubu moja. Dawa ni kuupa mtutu godoro la epoksi kwenye sentimita tatu hadi tano za kwanza mbele ya mtambo, na kwingine kote uachwe bila kugusa. Hilo hutibu zaidi kuliko kujaza mfereji mzima.

Mtutu umeegemea upande mmoja

Legeza skrubu zote. Mtutu ukirudi katikati, mtambo ndio unaovutwa upande, rudi kwenye masizi. Mtutu usiporudi, tazama mkono wa mbele kwa juu, jicho likiwa nyuma ya tako: mti wenyewe umepinda. Vitako vya mbao vya Ulaya mara nyingi ni vya mjozi au bichi, na bichi iliyoonja unyevu wa pwani misimu kadhaa hupinda bila kuomba ruhusa. Kupinda kidogo unakutibu kwa kuchonga upande unaokaribia. Kwa mtutu mwembamba una nafasi ya kutosha, kwa hiyo upande huu wa mambo uwazi mkubwa ni rafiki.

Matundu yanapanda, au yanatembea kwenda upande mmoja

Hapa mpangilio upo. La kwanza mahali pake, la tatu juu kidogo, la saba juu zaidi. Kwa bunduki kubwa maelezo ni mepesi: mtutu unapata moto, unasogea kidogo, na mwembamba hupata moto haraka kuliko mnene kwa sababu chuma chake ni kichache. Ukigusa mti mahali fulani unasukumwa. Kwa .22 joto ni dogo, sikubali kulilaumu mpaka nimekagua mambo mengine.

La kukagua la kwanza ni skrubu ya pete ya mkanda. Skrubu hiyo hupenya mkono wa mbele kutoka chini, na ikiwa ndefu ncha yake huchungulia ndani ya mfereji. Kwa mtutu mnene fundi wa zamani aliikata. Kisha mtu akaweka miguu miwili ya kuegemezea, akatumia skrubu mpya ndefu, na sasa inaugusa mtutu kila mkono unapokaza. Tia kidole mferejini uupapase.

La pili ni mkono wa mbele wenyewe. Kitako kilichochimbwa kwa mtutu mnene kina kuta nyembamba. Kamata ncha yake na mtutu kwa mkono mmoja, minya. Zikikutana bila ubishi, basi kila unapoegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, mti unainuka na kugusa chuma, na kila risasi unaegemeza tofauti. Hii ndiyo sababu pekee ya kujaza mfereji ninayoikubali bila mjadala. Kujaza huupa mkono wa mbele mifupa.

La tatu halipendwi na watu wa vitabu: mitutu mingine myembamba hupenda kuegemezwa. Tumezoea kusema mtutu usiguse kitu chochote, na kwa mtutu mnene ni kweli mara nyingi. Mwembamba hutikisika zaidi, na shinikizo dogo la kuelekea juu karibu na ncha ya mti huutuliza. Usiamini wala usikatae, jaribu. Kata vipande vya kadi ngumu, vipachike chini ya mtutu sentimita mbili nyuma ya ncha ya mkono wa mbele, ongeza kimoja kimoja hadi vibane. Chukua mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, funga kamba laini mdomoni mwa mtutu, vuta kuuachanisha na mti mpaka kadi itoke kwa urahisi, kisha soma. Kilo 2 hadi 4 ni kiasi cha kuanzia. Nenda nayo kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, piga makundi kadhaa ya risasi ukiwa na kadi, na mengine bila kadi. Kundi likijikusanya, umepata jibu bila kutumia tone la gundi. Lisipojikusanya, kadi zinakwenda jaani na mtutu unabaki huru.

Ndiyo maana nasema mfereji ni kazi ya mwisho. Kama ningeujaza kwanza, ningejaza kwa ajili ya mtutu huru, halafu mtutu ungeniambia unataka mto.

Kaskazi ilikuwa sawa, kusi imeiharibu

Bunduki ilirekebishwa Januari, hewa ikiwa kavu kiasi, ikapiga vizuri. Ikaja masika, ukuta wa nyumba ukatoa jasho, na mwezi wa Mei matundu yote yamehama kwa pamoja, kundi likiwa zuri kama zamani ila mahali pengine. Kundi zima likihama bila kutawanyika, mti umesogea. Mbao huvimba kwa upana, kwa urefu karibu hazibadiliki, kwa hiyo kuta za mfereji ndizo zinazosogelea mtutu na kitanda ndicho kinachobana mtambo.

Fungua utazame ndani. Nje utakuta vanishi ya kung'aa, ndani mbao ni tupu, haijapakwa kitu tangu kiwandani. Unyevu unaingilia huko, na kwenye mbao iliyokatwa kuvuka nyuzi, chini ya bamba la tako, ambako hunyonya zaidi. Paka ndani kote, kitanda, mfereji, chini ya bamba, matundu ya skrubu, kwa epoksi nyembamba au vanishi ya boti, mara mbili tatu. Fanya hivyo kipindi cha kiangazi mti ukiwa mkavu. Ukipaka masika unafungia maji ndani.

Mafuta ya kitani yanapendeza macho lakini hayazuii mvuke. Na wapo watakaokushauri sifa, yale mafuta ya papa, kwa kuwa jahazi hupakwa sifa na hudumu. Jahazi liko baharini na halikai karibu na shavu lako. Sifa iachwe kwa waunda majahazi wa Matondoni.

Kuhusu uwazi wa kuacha, kipimo cha wengi ni noti: ikipita kati ya mti na mtutu, basi. Kwa huku pwani noti moja haitoshi. Uwazi uliopitisha noti Februari huwa umefungwa mwezi wa Mei. Mimi naacha milimita moja na nusu pande zote.

Sasa tujaze

Umekagua kitanda, umejua mtutu unataka uhuru au mto, na bado unataka kupunguza uwazi, ama kwa ajili ya mkono wa mbele ulio laini ama kwa sababu macho nayo yana haki. Njia ni mbili.

Ya kwanza, niipendayo, ni mbao kwa mbao. Nyoosha mfereji wa mviringo uwe wa pembe kwa patasi na randa nyembamba, bandika kipande cha mbao nyuzi zikienda urefu uleule wa kitako, kisha chonga mfereji mpya katikati yake. Mjozi haupatikani kirahisi Malindi, lakini vipande vya mvule na msaji vipo kwa mafundi wa samani, na mvule hutulia vizuri. Rangi haitalingana. Ukiukata mstari wa kiungo ukanyooka, hautakera mtu. Kipande kikae karakanani wiki kadhaa karibu na kitako chenyewe ili vizoeane unyevu. Vaa barakoa: unga wa mvule unawasha pua na ngozi, na wa mbambakofi, unaojulikana na kila aliyechonga mlango wa Lamu, utakupigisha chafya hadi Isha.

Mfereji mpya unachongwa kwa patasi ya mviringo hadi ukaribie, kisha kwa fimbo ya mviringo iliyofungwa msasa namba 80, baadaye 120. Mtutu umepungua unene kuelekea mbele, kwa hiyo fimbo moja haitoshi. Tafuta mbili au tatu za unene tofauti, na uhesabu unene wa msasa wenyewe. Masizi ya koroboi tena kuonyesha panapogusa.

Njia ya pili ni epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao mpaka iwe nzito. Funga mtutu kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Tabaka moja ni kama milimita 0.13, kwa hiyo tabaka kumi na moja au kumi na mbili zitakuachia ile milimita moja na nusu. Juu ya tepu paka nta ya viatu isiyo na rangi. Matundu yote ya chuma yajazwe udongo wa kuchezea wa watoto. Mimina, laza mtutu, funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, si kwa klampu. Shinikizo la klampu hubaki ndani ya kazi.

Yafuatayo ndiyo yanayoharibika.

Gundi imeganda mkononi kabla ya kumimina. Joto. Kila nyuzi 10 zikipanda, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu. Mkebe unaoahidi dakika 30 kwenye nyuzi 25 hautakupa zaidi ya kumi na saba hivi mchana wa Februari wenye nyuzi 33. Fanya baada ya Alfajiri, changanya kidogo kidogo, usiiache imerundikana kwenye kikombe, maana ikiwa nyingi mahali pamoja hujipasha yenyewe. Chombo kipana bapa ni bora.

Imekauka lakini juu kuna utando unaonata. Huo ni unyevu wa hewa umekutana na kigandishio. Usikimbilie msasa, utausugua uingie ndani. Osha kwa maji ya vuguvugu na sponji ngumu ya vyombo, kausha, ndipo msasa.

Imejaa vizuri, baada ya muda imejivuta na kuacha ufa pembeni. Uliza ilinunuliwa wapi. Wanaotengeneza boti za faiba hutumia rezini ya poliesta, ile ya kutia matone ya kigandishio, ni rahisi na inapatikana. Kwa boti haina neno. Kwa kitako husinyaa inapoganda, tena si kidogo, na haishiki mbao kama epoksi. Ing'oe, anza upya.

Imebanduka yote kwa kipande kimoja. Mbao ilikuwa na mafuta. Kitako cha miaka mingi kimenywa mafuta ya bunduki, hasa nyuma ya mtambo, na hata msaji mpya una mafuta yake. Pangusa kwa asetoni mara kadhaa hadi kitambaa kitoke safi, gundisha siku hiyohiyo. Penye weusi wa mafuta paka uji wa unga wa chaki na asetoni, ukauke, uupanguse. Utatoka na rangi ya chai.

Mtambo hautoki. Ama nta ilisahauliwa mahali, ama epoksi imeingia kwenye tundu au chini ya ukingo na kujifunga kwa ndani. Usipige nyundo. Weka kitu kizima ndani ya plastiki, tia kwenye friza saa kadhaa. Chuma husinyaa kuliko mti, na mara nyingi huachia kwa kugongwa kidogo na mpini wa mbao. Friza iwe ya karakana hiyohiyo. Bunduki haipelekwi kwa muuza barafu, hata akiwa shemeji.

Baada ya kujaza, mambo mapya

Bolti inakwama inapofungwa, au inakwaruza. Skrubu ya mbele imekuwa ndefu kwa kuwa mtambo umeshuka kidogo, na ncha yake inaigusa bolti. Ikate nusu milimita kwa tupa ujaribu tena. Kinyume chake, mtambo ukiwa umeinuka, magazini haitafika kwenye kufuli lake au risasi zitajikwaa kuingia. Hapo unapunguza mti chini ya chuma cha magazini. Kitanda kisiguswe.

Skrubu inakaza kabisa lakini mtambo bado unacheza: skrubu imefika mwisho wa tundu lake. Mara nyingi ni udongo wa kuchezea uliosahaulika ndani. Utoe kwa kijiti.

Ufa nyuma ya mkia wa mtambo. Mkia unagusa mti, na kila mshindo unaupiga kama kabari. Acha uwazi wa nusu milimita hadi moja nyuma yake. Ufa wenyewe upanue kidogo, uingize epoksi nyembamba huku ukiipasha kwa kikausha nywele ili inywewe, funga kwa tyubu. Kwenye bunduki zenye jino chini ya mtambo la kupokea mshindo, jino liguse kwa uso wake wa nyuma tu. Pande nyingine libandikwe tepu kabla ya kumimina. Likibana pande zote, utakuwa ukipigana nalo kila unapofungua.

Kutu chini ya mtutu, upande usioonekana. Uwazi mkubwa unakaribisha mchanga na chumvi. Aliyebeba bunduki kwenye boti kutoka Mokowe anajua upepo wa kusi unaleta nini. Ukiacha mfereji wazi, basi mtutu utolewe kwenye mti mara kwa mara, upanguswe na kupakwa mafuta kwa chini, na mfereji upitishwe brashi kavu. Mafuta yawe kidogo, yasichuruzike kitandani.

Na kuna lile linalolalamikiwa hata bunduki ikipiga vizuri: mbele pamekuwa pepesi, mkono unatangatanga unapolenga ukiwa umesimama. Wakati wa kujaza unaweza kuchimba shimo chini ya mfereji, katikati ya mkono wa mbele, ukatia chubwi za kuvulia samaki, zile za madini ya risasi, ndani ya epoksi. Anza na gramu 100. Kabla ya kuzizika, zifunge kwa tepu nje ya kitako, mwenyewe alenge na bunduki tupu, umsogezee mbele na nyuma hadi aseme hapo.